Rangi ya Tano

Mimi ndimi mwenye funguo za shule ya Chiarpata,
juu huku Bolivia, ambako viazi huanikwa nje usiku
vigandishwe na baridi, ndipo viwe chakula cha mwaka.
Kila Julai huja basi jeupe na vijana wa vyuo vya mbali,
pua zimeiva, vichwa vinawagonga kwa uhaba wa hewa.
Huja kujifunza maendeleo.
Huja na rangi.

Mwaka wa kwanza ilikuwa buluu,
buluu ya bahari, walisema,
kwa watoto wa nchi iliyopokonywa bahari vitani.
Wa pili, njano. Wa tatu, kijani.
Wa nne wakairudia buluu; hakuna aliyewaambia.
Mimi nilishika ngazi.
Miaka minne nimeshika ngazi.

Safari hii ni rangi ya machungwa.
Na yumo msichana mmoja, Signe, kutoka Aarhus,
mwenye daftari la maswali arobaini.
Swali la saba: Unatumia saa ngapi kuteka maji?
Doña Casimira akacheka, akaziba meno kwa shali:
"Inategemea nimemkuta nani kisimani."
Signe akaandika, saa mbili.
Kisanduku hakikuwa na nafasi ya umbea.

Jumatano alikuwa akikwangua ukuta chini ya dirisha.
Kipande kikabambuka, kikamwangukia kiganjani,
kinene kama ganda la mkate.
Akakigeuza ubavu, akasoma:
buluu, kijani, njano, buluu.
Akakaa chini palepale, kwenye vumbi.

"Don Fermín," Kihispania chake kinachechemea,
"ukuta huu una miaka mingapi?"
"Ukuta una thelathini. Rangi ndiyo yenye minne."
"Mliiomba nyinyi?"
Mgeni haambiwi kila kitu, nami nilikuwa na ngazi mkononi.
Lakini macho yake hayakuondoka.
"Tuliomba mpira wa pampu," nikasema.
"Mdogo, unaenea kiganja cha mtoto.
Nakala ya barua iko ofisini. Ina muhuri."

Usiku wakaketi duara, mishumaa katikati,
kila mmoja aseme alichojifunza.
Casimira, anayewapikia, akaniuliza wanasema nini.
"Wanasema huna kitu ila una furaha."
"Nani kawaambia?"
"Ipi kati ya hizo?"
"Zote mbili," akasema, akaifunika sufuria kwa kishindo.
Signe hakusema neno. Alikuwa akichokonoa rangi kwenye kucha.

Mwalimu wao alisema ratiba imeshapangwa,
na picha za ukuta zinasubiriwa kwao.
Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na midomo imempasuka.

Jumamosi tukapanda lori la chumvi, mimi na msichana, hadi Oruro.
Duka la kwanza, hakuna. La pili, hakuna.
La tatu likatutania.
La nne likatupa mpira wa pampu ya aina nyingine;
tukauchonga kwa kisu, magotini, barabarani.
Bei yake haikufika nusu ya debe la rangi.

Maji yanapanda sasa.
Yanavuja kidogo upande wa kushoto, sitasema uongo,
na wanawake bado huenda kisimani kwa saa mbili,
kwa sababu zao.
Ukuta wa mashariki ni machungwa. Wa magharibi
umebaki na kidonda chake chini ya dirisha,
na watoto hukichimba kwa kalamu wakitafuta njano.

Signe alilisahau daftari, au aliliacha, sijui.
Casimira amelichukua.
Jioni, mafuta ya sufuria yakiwa bado vidoleni,
hunisomea anayoyaandika nyuma ya kurasa, ya Julai ijayo:
Kwenu nani huteka maji?
Bibi yako anaishi na nani?
Rangi ya nyumba yenu, aliichagua nani?
Amefika la kumi na tisa.
Visanduku ameviacha vikubwa,
vya kuenea hadithi.